Mwele Anayegeuka Mganga: Tiba ya Yoga kando ya Ngoma na Kanuni ya Ibn Sina

Mwaka 1961, mhandisi kijana aliyekuwa ametoka chuoni karibuni alikaa nje ya nyumba ya wazazi wake mjini Madras akisoma gazeti. Gari kubwa likasimama. Mwanamke wa Kizungu wa makamo akashuka mbio, akampita kijana pale alipokuwa, akamkumbatia mzee aliyekuwa anatoka ndani huku akimshukuru kwa sauti. Mzee mwenyewe alikuwa Tirumalai Krishnamacharya, Brahmini wa kushika dini, mtu wa kizazi ambacho kukumbatiana na mwanamke mgeni mbele za watu lilikuwa jambo la aibu kubwa. Mwanawe, T. K. V. Desikachar, alimuuliza kulikoni. Akaelezwa kwamba mama yule, mwenyeji wa New Zealand, hakuwa amelala bila vidonge kwa miaka mingi, na usiku uliopita alilala. Haukupita muda Desikachar akaacha uhandisi, akamwomba baba yake amfundishe. Mafunzo hayo yaliendelea hadi mzee alipofariki mwaka 1989, akiwa na umri wa miaka 100.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuishia kwenye ule usingizi. Mimi huvutwa zaidi na kilichofuata: miaka ishirini na kitu ya mwana kukaa miguuni pa baba, mtu ambaye tayari ana shahada na kazi. Siku hizi tiba ya yoga husifiwa kila mahali kuwa ni tiba inayomtazama mtu mzima, mwili wake, pumzi yake, fikra zake na maisha yake. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini si ya yoga peke yake. Ngoma za uganga za pwani ya Afrika Mashariki zinaistahili, na tiba ya Kiyunani aliyoipanga Ibn Sina katika kitabu chake cha Kanuni inaistahili pia. Ukiziweka tatu hizi pamoja utaona kwamba utazamaji wa mtu mzima haukai katika mbinu. Hauko katika mkao wa mwili, wala katika mizizi, wala katika mafuta ya habasoda. Unakaa katika jinsi mganga mwenyewe alivyofundwa, na katika muda anaokaa na mgonjwa wake. Mbinu husafiri kwa urahisi sana. Mafunzo na muda husafiri kwa shida, na mara nyingi huachwa bandarini.

Tuanze na umri wa mambo, kwa sababu hapa watu huchanganya. Yoga ni ya kale. Tiba ya yoga kama fani, yenye kituo, daftari la mgonjwa na mpango wa matibabu, ni ya juzi tu. Shri Yogendra alifungua taasisi yake huko Bombay mwaka 1918. Swami Kuvalayananda alianzisha Kaivalyadhama katika mji wa Lonavla mwaka 1924, na mwaka huohuo akaanza kutoa jarida la Yoga Mimamsa. Kuvalayananda alitaka kujua kinachotokea ndani ya mwili. Alitumia eksirei, akapima mgandamizo ndani ya utumbo mpana wakati mwanafunzi anavuta tumbo kuelekea mgongoni. Kabla yake, vitabu vya hatha yoga kama Hatha Pradipika cha karne ya 15 vilidai kwamba mkao huu huondoa maradhi ya bandama na ule huamsha njaa ya chakula, ila lengo la mwisho lilikuwa ukombozi wa roho. Afya ilikuwa njiani tu.

Patanjali, aliyeandika kanuni za yoga karne nyingi kabla, hakuwa tabibu. Hata hivyo alipanga hoja yake kama tabibu anavyopanga: kuna mateso ya kuepukwa, kuna chanzo chake, kuna hali ya kutokuwa nayo, na kuna njia ya kuifikia hali hiyo. Maradhi, sababu, siha, dawa. Na mateso anayoyalenga ni yale ambayo hayajafika bado. Kwa mtu aliyezoea kwenda zahanati pale tu anapozidiwa, fikra hiyo ina uzito.

Walimu wa tiba ya yoga hutumia pia mafundisho ya Taittiriya Upanishad, kwamba mtu ana tabaka 5. La nje ni mwili unaojengwa na chakula. Ndani yake kuna tabaka la pumzi na uhai, kisha la fikra na hisia, kisha la utambuzi, na la ndani kabisa ni la furaha. Maumivu ya kiuno yanaweza kuonekana kwenye tabaka la kwanza huku mzizi wake uko kwenye la tatu, kwa mfano kwa mtu anayeishi na hofu ya kufukuzwa kazi, ambaye mabega yake hayashuki hata usingizini.

Hapa Ibn Sina anaingia bila kualikwa. Yeye alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, akafariki mwaka 1037, na kitabu chake kilisomeshwa Mashariki na Ulaya kwa karne kadhaa. Wengi wetu tunalijua jina lake kwa sababu ya maji manne ya mwili: damu, balghamu, safura na sauda. Mabaki ya elimu hiyo yako katika maneno ya bibi zetu wanapomkataza mzazi aliyejifungua vyakula vya baridi. Lakini kilicho karibu zaidi na tiba ya yoga ni zile sababu 6 ambazo tabibu wa Kiyunani lazima azichunguze kwa kila mgonjwa: hewa, chakula na kinywaji, mwendo na pumziko la mwili, mwendo na pumziko la nafsi, usingizi na kukesha, na kile ambacho mwili hutoa au huzuia. Soma orodha hiyo polepole. Huzuni na hasira zimepangwa mstari mmoja na choo na usingizi, bila kupewa heshima ya pekee na bila kudharauliwa. Tabibu aliyemwuliza mtu habari za matumbo akasahau kumwuliza habari za moyo wake, kwa kipimo cha Ibn Sina, hakumaliza kazi.

Ibn Sina ameandika pia jinsi ya kumgundua mgonjwa wa mapenzi anayeficha jina la ampendaye. Tabibu hushika mshipa wa mkono, huku majina yakitajwa moja baada ya jingine, na mapigo yanapobadilika ghafla jambo linajulikana. Krishnamacharya naye alikuwa mtu wa kushika mshipa. Wagonjwa waliofika kwake walisikilizwa mapigo kwanza, kisha wakaulizwa wanakula nini, wanafanya kazi gani, wanalalaje. Katika maandiko ya kale kabisa ya ayurveda, tiba ya jadi ya India, yaani ya Charaka na Sushruta, uchunguzi wa mshipa haupo. Ulikuja baadaye. Sioni haja ya kugombania ni nani aliyemfundisha mwenzake. Inanitosha kwamba vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono vilikuwa ndio mlango wa kuingilia kwa mtu, kwa Ibn Sina kule Isfahan na kwa Krishnamacharya kule Madras vilevile.

Sasa tuitazame tiba yenyewe kwa karibu, maana wasomaji wengi wanaidhania kuwa ni kujikunja kama ilivyo kwenye picha za majarida. Chukua mtu mwenye maumivu sugu ya kiuno mbele ya mwalimu aliyefunzwa kwa njia ya Krishnamacharya. Mwalimu humtazama anavyoingia mlangoni, anavyovua viatu, anavyokaa. Kisha humwambia asimame, avute pumzi huku akiinua mikono taratibu hadi juu, aitoe akiishusha. Hapo huangalia kitu kimoja: je, pumzi inaisha kabla ya mikono kufika? Kwa mgonjwa wa aina hii huisha mapema, mara nyingi mikono ikiwa usawa wa masikio, na sehemu iliyobaki ya safari hufanywa kwa kujikaza. Mwalimu haongezi kitu. Humlaza chali, magoti yamekunjwa, viganja juu ya magoti. Akitoa pumzi, mgonjwa huvuta magoti kidogo kuelekea tumboni. Akiivuta, huyaachia yarudi. Mara 6, pengine 8. Pumzi hutangulia na mwendo hufuata, na mwendo huisha kabla ya pumzi kuisha. Baadaye huongezwa kuinua nyonga kutoka sakafuni kwa pumzi ya kuingia na kuzishusha kwa pumzi ya kutoka. Mwisho, mgonjwa hukaa kitako na kurefusha pumzi ya kutoka tu. Dakika 15 kwa siku, nyumbani, kwa mpango ulioandikwa kwa ajili yake peke yake, utakaobadilishwa wiki zijazo kadiri anavyobadilika.

Hakuna cha kupiga picha hapo. Na bado ndipo ulipo umahiri wote. Mwalimu lazima ajue cha kuacha. Lazima ajue kwamba mkao uliomfaa mgonjwa wa jana utamwumiza huyu wa leo. Krishnamacharya alishikilia kwamba yoga ndiyo inayomfuata mtu, si mtu kuifuata yoga, na kanuni hiyo inavunja kabisa darasa la watu 40 wanaofanya jambo moja kwa amri moja.

Sayansi ya hospitali haijakaa pembeni. Mwaka 2017 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti wa Boston wa watu 320 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengi wao wa kipato cha chini. Yoga haikushindwa na fiziotherapia katika kupunguza maumivu na kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Mwaka huohuo chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya vidonge kwa maumivu ya aina hiyo. Hayo ni mafanikio ya kweli na yana mipaka ya kweli. Yoga haiui vijidudu vya kifua kikuu wala haishiki nafasi ya insulini, na mwalimu anayemshawishi mgonjwa wa kisukari aache sindano ni mtu wa hatari, hata akiwa na utulivu wa uso kiasi gani.

Tuvuke bahari. Zanzibar, Pemba, Mrima na Dar es Salaam, mwele anayesumbuliwa na maumivu yasiyopona, ndoto mbaya, mimba zinazotoka au huzuni isiyo na jina hupelekwa kwa fundi, yaani mganga wa ngoma. Tazama neno hilo "hupelekwa." Mara nyingi haji peke yake: kuna mama, shangazi, dada, jirani. Fundi huuliza, tena huuliza wote. Ubani au udi hutiwa kwenye chetezo, mwele hufukizwa, ngoma hupigwa, na pepo aliye kichwani akipanda huulizwa: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Zanzibar kuna pepo wa Kiarabu waitwao ruhani, kuna rubamba wa Pemba, kuna wa Kihabeshi, na kuna kibuki kutoka Bukini (Madagaska). Kila mmoja ana lugha yake, nguo zake na chakula chake. Mara nyingi hafukuzwi. Hufanywa mapatano. Pepo atapewa anachodai kwa nyakati maalumu, na kiti wake, yaani yule mtu aliyepandwa, ataachwa aishi.

Msomaji asiyeamini pepo asikimbie hapa. Si lazima tukubaliane juu ya pepo ili tuone kinachofanyika. Mwanamke ambaye nyumbani hana mahali pa kusema amewekwa katikati ya duara, watu wote wametulia wanamsikiliza, na madai yaliyomkaa rohoni yanatoka kwa kinywa ambacho hakuna mume anayeweza kukikemea. Mwanaanthropolojia John Janzen, katika kitabu chake Ngoma cha mwaka 1992, alilinganisha uganga wa Kinshasa, Dar es Salaam, Mbabane na Cape Town, akaonyesha jambo ambalo ndilo linaloniunganishia mada yote: mwele hupita hatua kwa hatua kutoka kuugua hadi kuingia chamani, na baadhi yao hufika kuwa waganga. Ugonjwa ndio ada ya kujiunga.

Ukishaliona hilo upande huu wa bahari, utaliona upande wa pili. B. K. S. Iyengar, mwanafunzi na shemeji wa Krishnamacharya, alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur wakati wa homa kuu ya mafua. Utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Alifika kwa Krishnamacharya, mjini Mysore, mwaka 1934 akiwa kijana dhaifu ambaye hakuna aliyemtarajia mengi. Mtindo wake wa kutumia mikanda, matofali ya mbao, viti na kamba ulitokana na mtu aliyejua mwili usiotii ulivyo. Katika kizazi chetu yuko Nouf Marwaai wa Saudi Arabia, aliyeishi na ugonjwa wa lupasi tangu ujana, akapata nafuu kupitia yoga, akawa mwalimu. Mwaka 2017 nchi yake iliitambua yoga kuwa mchezo halali, na juhudi zake ndizo zilizotajwa sana. Hawa wawili wangekaa kilingeni, mahali pa uganga, Zanzibar, mafundi wangewatambua mara moja.

Kutajwa kwa Saudi Arabia kunaibua swali ambalo msomaji wa pwani analo tayari: je, dini inaruhusu? Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2008 liliwakataza Waislamu yoga inayochanganywa na nyimbo za ibada na imani za Kihindu. Walioamua hivyo hawakuzua neno, kwani mizizi hiyo ipo kweli, na mwalimu mwaminifu haifichi. Lakini historia nayo ni pana. Al-Biruni, Mwislamu na mwanazuoni mkubwa, aliwaandikia wasomaji wa Kiarabu kitabu cha Patanjali mwanzoni mwa karne ya 11, na aliyasoma mafundisho ya Wahindi kwa makini na heshima bila kuyumba katika dini yake. Mgonjwa anayetaka kurefusha pumzi aponye kiuno chake ana haki ya kufanya hivyo bila kuimba asichokiamini.

Kuhusu pumzi yenyewe, kuna utafiti mmoja ninaoupenda sana. Mwaka 2001, jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya Luciano Bernardi na wenzake wa Pavia, Italia. Waliwapima watu 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakirudiarudia mantra ya Kitibeti. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mwili ukawa hodari zaidi katika kurekebisha shinikizo la damu. Watafiti hao walidokeza kwamba rozari huenda ilifika Ulaya kupitia kwa Waarabu, ambao nao walipokea kutoka Mashariki. Mtu aliyewahi kusimama kwenye halaka ya zikri ya Kadiria, tarika iliyoenezwa Zanzibar na Sheikh Uways wa Barawa, hahitaji kuelezwa zaidi: jina la Mungu huvutwa kwa pumzi, safu nzima inainama na kuinuka kama mtu mmoja.

Lakini utafiti huohuo unaonyesha pia hatari ninayoiogopa. Kinachopimika hutengwa, na kinachotengwa hufungashwa. Yoga imekuwa mikao na mkeka. Tiba ya Ibn Sina, iliyotaka tabibu ajue usingizi na huzuni ya mgonjwa, imebaki dukani kama chupa ya habasoda na vikombe vya hijama. Na uganga wetu? Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, kazi ya kujivunia, na imejikita zaidi kwenye mimea, kwa sababu jani huingia maabara na ngoma haiingii. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002. Sheria inaweza kumsajili mganga na dawa yake. Mashangazi waliokaa kwenye duara haiwezi kuwasajili.

Kwa hiyo kijana wa Mombasa au Arusha anayetaka kusomea tiba ya yoga namshauri aangalie kozi kwa jicho hili. Chama cha kimataifa cha watibabu wa yoga, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1989, hudai mafunzo yasiyopungua saa 800 baada ya yale ya ualimu wa kawaida wa yoga. Ni kiwango kizuri, na afadhali mara mia kuliko cheti cha mwezi mmoja. Ila saa 800 ni chache ukizilinganisha na miaka ya Desikachar, au ya mteja wa ngoma aliyepanda ngazi za chama chake. Aulize: nitakaa na mgonjwa mmoja kwa muda gani mwalimu wangu akinitazama? Nitafanyiwa mimi mwenyewe mpango, niufuate mwaka mzima, nijue unavyochosha? Kozi isiyo na jibu inafundisha mazoezi ya viungo.

Na kuna jambo ambalo yoga ingeweza kujifunza kwetu. Tiba ya yoga ya Chennai, Madras ya zamani, ni ya watu wawili chumbani, mwalimu na mgonjwa, na mgonjwa hurudi na karatasi yake. Inampa kazi ya kufanya kwa mikono yake, jambo ambalo fundi wetu hampi kila mara, na hilo nalihesabu kuwa ubora wake mkubwa. Lakini haigusi nyumba anayorudi. Kituo cha Prashanti Kutiram karibu na Bengaluru kimejaribu njia nyingine: wagonjwa hulazwa, hupangwa kwa makundi ya maradhi yao, hula pamoja, huimba pamoja, hufanya mazoezi pamoja tangu alfajiri. Hapo India inaisogelea ngoma. Tofauti inayobaki ni kwamba muda ukiisha kundi hutawanyika kwenye mabasi na treni, kila mtu na mji wake, wakati kilinge kiko mtaa uleule anaoishi mwele, na wenzake wa chama watapita kesho kumjulia hali.